Saa Chache JKIA: Ununue Safari Gani ya Mbuga ya Nairobi?

Mgeni wako anatua JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, alfajiri, na ndege yake ya pili inaondoka jioni. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ina Lango la Mashariki kando ya Barabara ya Mombasa, na kulifikia kutoka uwanjani ni karibu kuliko kwenda katikati ya jiji. Swali ni nani umlipe ampeleke.

Kabla ya bei, piga hesabu ya muda. Uhamiaji na mizigo, saa 1. Njia ya kwenda na kurudi, saa moja na nusu ukiweka na foleni. Mbugani, saa 3. Kisha awe uwanjani saa 3 kabla ya ndege. Jumla inakaribia saa 9. Akiwa na pungufu ya hapo, mpeleke kula na msihangaike. Hakikisha pia kibali chake cha kuingia nchini: raia wa Tanzania, Uganda na Rwanda hawahitaji eTA, lakini wageni wengi wa kutoka nje ya Afrika wanaihitaji, na inafaa kuombwa angalau siku 3 mapema.

Waliozoea meli za kitalii huamini kwamba ziara inayouzwa na wenye chombo ndiyo salama, kwa kuwa meli huwasubiri abiria waliotoka na ziara yake yenyewe. Ndege haina utaratibu huo. Ununue hotelini, kwa kampuni au kwa dereva, ukichelewa umeachwa. Basi kinachokulinda ni kuwa na gari ambalo ukisema turudi, linageuka.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza tunampa mwongoza watalii binafsi mwenye gari la paa la kufunguka, hasa mkiwa wawili au zaidi. Bei ya gari ni moja mwe wawili au watano, kwa hiyo kila kichwa kinachoongezeka kinapunguza mzigo. Ada ya mbuga ndiyo hulipwa kwa kila mtu. Faida kubwa ni lango: linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na simba huonekana vizuri kabla jua halijakaza.

Halafu kuna jicho. Mwongozaji mzuri hakimbizi gari ovyo. Anatazama kongoni: wakiwa wote wamesimama kimya, shingo juu, wamekodolea upande mmoja, huko kuna kitu. Anajua faru mweupe ana mdomo mpana na hula nyasi uwandani, ilhali faru mweusi mwenye mdomo uliochongoka hushinda vichakani akila majani. Anasema ukweli pia: hapa hakuna ndovu wa porini. Atakayekuahidi wanyama wakubwa wote watano, muache.

Muulize mambo manne kwa maandishi. Je, ana cheti cha KPSGA, chama cha waongoza watalii wa Kenya, na ni cha shaba, fedha au dhahabu? Kampuni anayofanyia kazi ina leseni ya TRA, mamlaka inayosimamia utalii? Gari lina bima ya kubeba abiria wa kulipa? Na bei ina nini ndani: ada ya gari getini, ada ya watu, maji, darubini? Ugomvi mwingi langoni unatokana na hili la mwisho, kwa sababu "bei yote" ya dereva mara nyingi ni gari na mafuta tu. Malipo ya awali yaende kwenye till ya kampuni, na jina linalotokea kwenye M-Pesa lilingane na la leseni.

Nafasi ya pili ni van ya kundi. Inamfaa anayesafiri peke yake na mwenye siku nzima, kwani gharama inagawanywa. Tatizo ni kuokota abiria: hoteli tatu mjini, mmoja hajaamka, na mnaingia jua limeshapanda. Sisitiza kiti cha dirishani. Mwenye ndege ya jioni asiichukue.

Ziara inayouzwa mapokezi ya hoteli ni ya tatu. Mara nyingi ni van ileile, imeongezewa kamisheni.

Gari lako mwenyewe linafaa kiangazi, kwa mwenyeji anayejua njia. Makutano ya mbugani yana namba, kwa hiyo shika ramani. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, udongo mweusi unashika magurudumu ya gari dogo la saluni, na huruhusiwi kushuka kusukuma popote unapotaka. Nyasi nazo zikirefuka, aliyekaa chini kwenye saluni haoni simba aliyelala mita kumi kando. Teksi ya app ina kasoro hizohizo, tena dereva hajui mbuga.

Lolote utakalochagua, ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali; pesa taslimu hazipokelewi. Angalia bei humo siku moja kabla, na uchague kwa makini: Nairobi National Park, Nairobi Safari Walk na Animal Orphanage ni tiketi tatu tofauti, ingawa zote zina lango upande wa Lang'ata. Watu hununua ya Orphanage wakidhani ni ya mbuga, wakakwama langoni. Wengine huichanganya na kituo cha Sheldrick cha ndovu yatima, ambacho hupokea wageni kwa saa moja tu, kuanzia saa tano asubuhi, tena kwa kuweka nafasi mapema.

Maji yabebwe kwenye chupa ya chuma, kwani plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020. Na mkirudi JKIA, tengeni dakika 20 za ukaguzi wa barabarani, ambapo abiria huenda wakashushwa na kupita kwa miguu kabla gari halijafika jengoni.