Bredibodi: waya wa kukata mwenyewe au jampa za pini?

Matundu ya bredibodi, ile bodi ya plastiki ya kuundia sakiti za majaribio bila kulehemu, yameachana milimita 2.54, na waya wa shaba wa uzi mmoja, geji 22 (geji ni kipimo cha unene wa waya), wenye kipenyo cha milimita 0.64, huingia na kubanwa vizuri. Waya wa nyuzi nyingi usiutie mtupu: nyuzi hutawanyika na kugusana.

Kwa gharama, waya wa kukata unashinda. Kipande cha kebo ya mtandao ya uzi mmoja kina nyaya nane, kwa kawaida za geji 24, nazo zinatosha kabisa. Unakata urefu unaotaka, waya unalala juu ya bodi, na kosa unaliona upesi. Ukiukunja mara kwa mara, lakini, hukatika.

Jampa, yaani waya fupi zilizokwisha kuwekwa pini au tundu kwenye ncha, zinanyumbulika, na zile za kike, zenye tundu, huvaa moja kwa moja pini za Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja. Tatizo liko pale pini ilipobanwa: waya hukatika ndani ya plastiki na nje huoni kitu. Jioni nzima imewahi kunipotea hivyo! Sasa kila jampa naipima kwanza kwa multimita.

Sakiti ya kukaa wiki nzima naikatia waya. Kujaribu sensa kwa saa moja, au ukiwa huna koleo la kumenyea, chukua jampa. Mota kubwa usiipitishie bredibodi kabisa.