Biti ipi ununue kutoboa kioo cha tangi la samaki

Kabla hujatoa hela, hakikisha kioo chako kinatoboka. Kioo cha tempa, yaani kilichokazwa kwa joto, kikitobolewa na biti husambaratika chote kikawa punje, hata biti iwe ya bei gani. Matangi mengi ya kiwandani yana kitako cha tempa ilhali pembeni ni kioo cha kawaida. Weka skrini ya kompyuta iliyowaka nyeupe upande mmoja, tazama upande wa pili ukiwa umevaa miwani ya jua ya polaroidi. Ukiona madoa au mistari ya giza, acha.

Halafu nunua kiungio cha bomba kwanza, biti baadaye. Kiungio cha inchi 1 hakiingii kwenye tundu la inchi 1; vingi hutaka zaidi ya milimita 40, na kila kiwanda kina kipimo chake. Pima sehemu yenye nyuzi.

Nafasi ya kwanza naipa biti ya almasi ya duara, ile nyepesi ya bei nafuu, yenye chembe za almasi zilizogandishwa ukingoni. Kwa mtu wa matundu mawili matatu inatosha kabisa. Wanaoilaumu wengi wao waliiunguza wenyewe kwa kutoboa pakavu. Zungushia tundu ukuta mdogo wa udongo wa mfinyanzi, jaza maji. Yakigeuka meupe kama maziwa, kazi inakwenda. Unga ukianza kukauka, simama uongeze maji.

Ya pili si biti: ni fundi vioo. Kama tundu ni moja tu, mpelekee, ila mkubaliane mapema nani analipa kikipasuka.

Ya tatu ni biti ambayo almasi imechanganywa ndani ya chuma chenyewe. Inadumu sana, lakini ni ghali. Waachie wanaotengeneza matangi ya kuuza.

Ya mwisho, biti ya ncha ya mkuki. Hutoboa vitundu vidogo vya mpira wa hewa, na mpira huo unaweza kupita juu ya tangi bila kutoboa chochote. Ya zege isikaribie kioo.

Keekee iwe ya betri, maana maji na waya wa umeme havipatani. Zima mtindo wa nyundo (wa kugonga), tumia kasi ndogo, usikandamize, hasa milimita ya mwisho: hapo ndipo upande wa ndani humeguka. Upande huo ubandike selotepu kabla hujaanza.