Maji ya Bahari kwa Mtungi: Tathmini ya Kituo Kimoja cha Mombasa

Kituo hiki huvuta maji baharini, huyachuja kwa umeme wa jua na kuyauza kwa mtungi wa lita 20. Kuhusu ladha sina lawama. Maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, ilhali kipimo changu cha mkononi kilionyesha chini ya miligramu 300 kwa lita katika maji niliyonunua, na chai iliyopikwa kwayo haina ule ukakasi tuliouzoea kwenye maji ya visima vyetu.

Ninalolilalamikia ni bango la mlangoni, linalodai kwamba maji huchujwa kwa grafini, yaani kaboni yenye unene wa atomu moja tu. Nilipoomba kuona mitambo, lebo za vichujio zilitaja poliamidi, aina ya plastiki, ambayo ndiyo inayotumika katika mitambo mingi ya aina hii duniani na wala si ya kuonewa haya: maji husukumwa kwa shinikizo linalozidi mara 50 lile la hewa, yakapenya utando, chumvi ikabaki nyuma. Oksidi ya grafini, yaani grafini iliyoungana na oksijeni, ni habari nyingine. Tabaka zake huvimba zikilowa, mianya ikapanuka na chumvi ikapita. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walionyesha namna ya kuuzuia uvimbe huo, lakini kazi hiyo ilikuwa ya maabara, si ya kibanda cha kuuzia maji.

Tena jina la utando halimlindi mnunuzi dhidi ya mtungi mchafu. Poliamidi huharibiwa na klorini, kwa hiyo dawa hiyo huondolewa kabla ya kuchuja na inapaswa kurudishwa baadaye kwa kiasi kidogo. Mhudumu, ambaye kwa hakika ni mwungwana, hakuweza kunieleza kama hilo hufanyika, na mitungi ilijazwa bila kusuuzwa. Kipimo cha chumvi hakioni vijidudu, hata kikisoma sifuri.

Maji yenye chumvi nyingi yanayobaki, ambayo kwa kawaida huzidi nusu ya yaliyovutwa, hurudishwa baharini kwa bomba fupi mno, karibu na mahali watoto wanapookota kome.

Nitaendelea kununua hapa, kwa mtungi niliouosha mwenyewe, na maji ya kunywa nitayatia dawa nyumbani hadi wenye kituo watakapobandika matokeo ya vipimo vya vijidudu mahali lilipo bango hilo.