Kuhama aspell kwenda hunspell: kinachoniudhi ni kimya chake

Fedora 39, toleo la mfumo wa Linux, ilipotoka mwaka 2023 ikiwa imetangaza kuwa aspell, programu ya kukagua tahajia, iko njiani kuondolewa, tuliambiwa tuhamie hunspell, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, eti ni kubadilisha jina la amri tu. Si kweli hata kidogo, na anayesema hivyo hajakagua makala ya Kiswahili kwa skripti.

Tazama kinachotokea. Skripti nyingi za zamani zina mstari huu:

`aspell -l sw list < makala.txt | sort -u`

Ukiweka hunspell mahali pa aspell, umeharibu. Kwa aspell, `-l` ni lugha. Kwa hunspell, `-l` ni kuorodhesha maneno yenye makosa. Kwa hiyo hunspell inadhani `sw` na `list` ni majina ya mafaili, inayatafuta, haiyaoni. Haya, urekebishe uandike `-d sw`. Inagoma tena! Aspell iliridhika na `sw`. Hunspell inataka jina kamili la faili la kamusi, yaani `sw_TZ`.

Kugoma si neno. Neno ni kwamba lalamiko linakwenda `stderr` (mkondo wa ujumbe wa makosa, usiopita kwenye `|`), orodha inabaki tupu, na kwa kuwa mwisho wa mstari ni `sort`, msimbo unaorudi ni 0, yaani "kazi imefaulu". Skripti inatangaza makala ni safi. "Kwawmba" imekaa aya ya kwanza, inachapishwa. Kikagua tahajia kinachokaa kimya namna hii ni bora kisiwepo kabisa. Kwenye cron, inayoendesha skripti yenyewe kwa ratiba, ni balaa zaidi, maana usipotaja kamusi hunspell inafuata `LANG`, mpangilio wa lugha wa mfumo, na ile ya terminali yako haifiki huko.

Haki isemwe: aspell nayo ikikosa kamusi hufa vivyo hivyo mbele ya `sort`. Dawa ni ileile: `set -o pipefail` juu ya skripti (amri yoyote ya mstari ikishindwa, mstari mzima uhesabiwe umeshindwa), `-d sw_TZ -i utf-8` kila mara, na kabla ya kazi upitishe neno bovu la makusudi:

`echo kwawmba | hunspell -d sw_TZ -l`

Lisiporudi, simamisha kila kitu. Amri ya `hunspell -D` itakuonyesha kamusi zilizopo na njia inazopekua.

Maneno yako ya zamani, uliyoyaongeza mwenyewe kwenye aspell, hayapotei. Toa mstari wa kwanza, ule wa `personal_ws-1.1`:

`tail -n +2 ~/.aspell.sw.pws > ~/maneno.txt`

kisha uongeze `-p ~/maneno.txt`.

Na hapa hasira yangu inaanza kupoa, maana hunspell ina jambo ambalo aspell sikuliona: `-d sw_TZ,en_US`, kamusi mbili kwa mpigo. Makala ya kompyuta yaliyojaa maneno ya Kiingereza hayarudi tena yamejaa makosa ya uongo. Nilikuwa tayari kuipa nyota nne kwa hilo peke yake.

Nazipunguza ziwe tatu. Andika "gari lilipit hapa" uone: "lilipit" inakamatwa. Andika "alitaka pit" kwa maana ya "kupita": inapenya, kwa sababu Kiingereza kinalo neno hilo. "Kit" badala ya "kiti" vilevile. Kwa makala ya Kiswahili baki na `sw_TZ` peke yake, na istilahi za Kiingereza unazozitumia kila siku ziingize moja moja kwenye `maneno.txt`.