Morogoro hadi baharini Kigamboni kwa siku moja: SGR au teksi? Uzoefu wangu

Safari hii nimeifanya kwa njia zote mbili, kwa hiyo naanza na jibu: mkiwa wanne kushuka chini, pandeni SGR, yaani treni ya reli ya kisasa. Teksi inaanza kuwa na maana mnapojaza Noah, mnapokuwa na mzee asiyeweza kupanda na kushuka kila mara, au mnapotaka kurudi na samaki. Yaliyobaki ni hesabu na mitego.

Nauli ya daraja la kawaida kati ya Morogoro na Dar ilipangwa kuwa shilingi 13,000 SGR ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, na hesabu zangu zinatumia kiwango hicho. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 ni nusu. Mtu mzima kwenda na kurudi ni 26,000. Juu yake weka bajaji ya kwenda Kihonda, maana stesheni haiko mjini, kivuko shilingi 200 kila upande, na bajaji ya upande wa Kigamboni.

Sasa teksi. Barabara ni kama kilomita 195 kwenda tu. Ukijumlisha kurudi na mizunguko ya huko unakaribia 430. IST iliyotunzwa vizuri ikiwa na AC, halafu ikakutana na foleni ya Ubungo, ihesabie kilomita 12 kwa lita. Hizo ni lita 36. Lita ikiwa karibu na 3,000, mafuta peke yake ni 108,000, na bado hujamlipa dereva, hujagusa tairi wala tozo ya daraja la Kigamboni. Ndiyo maana dereva anayekubali haraka haraka laki moja na nusu kwa siku nzima simwamini. Jioni atadai hela ya kusubiri, au atakimbiza gari ili awahi abiria wengine. Tuseme mmeelewana laki mbili na nusu: watu wanne kwa treni ni 104,000, teksi imeachwa mbali. Watu saba kwa treni ni 182,000, na kila mahali mnahitaji bajaji tatu. Hapo Noah ikiwazidi kidogo kwa bei, mnalipia raha ya kutoka mlangoni hadi mchangani bila kushuka.

Tiketi ya SGR naikata mtandaoni kwenye mfumo wa TRC, Shirika la Reli Tanzania. Unachagua stesheni, tarehe na daraja, unajaza jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu. Lipa papo hapo, usiache hadi jioni ukidhani kiti kinakungoja. Jambo ambalo watu wengi hulikosea: wanakata ya kwenda kwanza. Kata ya KURUDI kwanza. Treni za jioni za Jumapili na za sikukuu hujaa mapema kuliko za asubuhi, na ukibaki Dar bila tiketi, mbadala wako ni basi la kutoka stendi ya Magufuli kule Mbezi, ambako ukitokea Kigamboni ni safari nyingine kabisa. Saa kwenye tiketi ni za mfumo wa 24, hivyo 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Fika stesheni saa nzima kabla. Kuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine na kitambulisho huangaliwa, na treni haimsubiri mtu aliyekwama kwenye foleni ya bajaji.

Ndani ya treni sina mengi ya kusema. Chini ya saa mbili umefika, na zile zinazosimama Ngerengere, Ruvu, Soga na Pugu huchelewa kidogo tu. Udhaifu wake ni umeme. Treni inavuta umeme kutoka kwenye waya wa juu, ukileta hitilafu mnasimama hapo mlipo hadi urudi. Kwa hiyo usipange miadi ya dakika kumi baada ya kushuka.

Kutoka stesheni ya Dar hadi kivukoni Magogoni ni karibu. Kwa miguu inawezekana asubuhi. Mchana ukiwa na watoto na begi la taulo, chukua bajaji. Pale getini malipo ni kwa N-Card, kadi ya malipo ya kielektroniki, kwa hiyo iwe na salio kabla hujaingia kwenye msongamano. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, kinachokula muda ni kusubiri pantoni ijae na ishushe. Hapa abiria wa miguu ana faida kubwa kuliko mwenye gari, kwa sababu foleni ya magari inaweza kukuweka muda mrefu huku watu wakipita pembeni yako. Dereva wa teksi anayeijua Dar hatakupeleka pantoni. Atashika Mandela kutoka Ubungo, Tazara, Kurasini, kisha daraja. Huko nako adui ni malori ya bandarini.

Njiani kwa gari muda hutegemea saa ya kutoka kuliko mwendo. Toka Morogoro saa kumi na moja alfajiri. Vijiji vingi hadi Chalinze vina vibao vya 50, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo wanajua hasa wapi dereva husahau kupunguza. Mizani ya Mikese na Vigwaza haipimi gari dogo, ila foleni ya malori hukupunguzia mwendo. Ukipita Kibaha mapema, njia pana ya kushuka Kimara inakusaidia. Ukichelewa, utaingia Ubungo na kila mtu anayekwenda kazini. Kwa kawaida naihesabia saa nne na nusu hadi tano, nyumbani hadi ufukweni. Treni pamoja na bajaji na kivuko ni kama saa nne.

Kuna kitu ambacho ratiba haikuambii, nacho ndicho kinachoamua kama siku itanoga: maji. Siku za bamvu, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Dar hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: yamejaa asubuhi, jioni yamekwenda. Abiria wa treni anafika ufukweni karibu na mchana, kwa hiyo bamvu inamfaa sana, maji yanamfuata hadi muda wa kuondoka. Anayekwenda siku ya maji mafu ni afadhali atoke alfajiri na teksi, la sivyo atayakuta maji yanatoka. Kwa Mikadi, karibu na kivuko, tofauti si kubwa sana.

Halafu samaki. Soko la Feri liko hatua chache kutoka kwenye pantoni, na watu wa Morogoro hatuwezi kulipita. Usitegemee ndoo ya samaki wabichi wanaovuja maji ipite ukaguzi wa SGR, na hata ikipita, abiria wa jirani hatakusamehe. Kwa gari inawezekana: boksi la foam lenye kifuniko kinachobana, samaki watolewe matumbo palepale sokoni, barafu tabaka chini na tabaka juu, uzito wa barafu usipungue nusu ya uzito wa samaki. Nunua mwisho kabisa, wakati wa kuondoka. Mwambie dereva mapema, kwa sababu wengine hawataki harufu ndani ya gari na watakuongezea bei pale pale Feri ambapo huna pa kukimbilia.

Ukichagua teksi, andikianeni kwa ujumbe wa simu kabla ya safari: bei, nani anaweka mafuta, nani analipa daraja na maegesho, saa ya kuondoka ufukweni. Mafuta mlipie kituoni wewe mwenyewe kabla ya kutoka Morogoro, salio mpe mkifika nyumbani.