Ziara ya Kilwa Kisiwani: sultani kasimuliwa, fundi kasahauliwa

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu nitakayoieleza, na mwenye shughuli nilishamwambia ana kwa ana, kwa hiyo simsemi kisogoni.

Mimi ni fundi mwashi wa Mbagala. Nilikuwa na kazi ya nyumba Kilwa Masoko, na jioni wenyeji wakawa wananisema: unajenga hapa na hujavuka kwenda kuona kazi ya wenzako? Basi nikalipia ziara ya siku moja ya magofu ya Kilwa Kisiwani, boti na mwongozaji pamoja. Kutoka gatini hadi kisiwani ni kilomita kama mbili tu. Maboya ya kuvaa yalitutosha wote, nahodha hakuwa na papara, kibali walikifuatilia wenyewe. Upande huo sina neno.

Kijana aliyetuongoza ni mzaliwa wa kisiwani, na habari za watawala anazo. Alianza na Ali bin al-Hasan wa Shiraz, anayesimuliwa kuwa alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote, na akasema wazi kwamba hayo ni masimulizi. Kisha akaingia kwenye dhahabu, na hapo alinoga. Ilichimbwa bara, nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, na Kilwa ikakaa njiani ikitoza ushuru. Sarafu ya Kilwa imepatikana Great Zimbabwe kwenyewe, na nyingine ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Mwaka 1502 Vasco da Gama akaja kudai kodi ya dhahabu, ikaishia kufuliwa chombo cha kanisa kilichopo Lisbon hadi leo. Mwaka 1505 Mreno mwenzake, Almeida, akaja na jeshi, mji ukaporwa. Gereza, yaani ngome ya kisiwani, tulilipita haraka, na si hasara. Wareno walilijenga, Waomani wakalijenga upya, na ukishaona ngome moja umeziona nyingi.

Tatizo likaja Msikiti Mkuu. Upande wa kaskazini ni wa zamani, wa karne ya 11 hadi 12. Wa kusini wenye makuba uliongezwa karne ya 14, ukaanguka, ukajengwa tena karne ya 15. Mwanzoni nguzo za upande huo zilikuwa za jiwe moja moja; waliorudia kazi wakazijenga kwa vipande vya mawe na chokaa, pembe nane, zinene. Yaani kuna fundi aliyesimama pale akatazama kifusi, akakubali kwamba mzigo ulizidi nguzo, akabadili mpango. Nikamuuliza kijana hizo kuba zilibebwaje wakati chokaa haijashika. Akanijibu jina la sultani.

Nikauliza tena tulipofika Makutani, jumba la watawala, kwa nini vyumba ni virefu lakini upana ni mita 2 na nusu hivi. Akasema ndivyo walivyopenda. Bwana mdogo, hakuna anayependa chumba kama korido! Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ndiyo iliyoamua upana. Mawe ni matumbawe, chokaa ni matumbawe yaleyale yaliyochomwa. Yale laini yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi huchongeka kwa tezo kama muhogo, yakikaa hewani yanakuwa magumu. Ndiyo yaliyotoa nakshi za mihrabu na fremu za milango. Haya mgeni angeyafurahia kuliko orodha ya masultani.

Hata Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika 1331 na kuusifu mji, aliandika kuwa majengo yake ni ya mbao. Kijana aliiruka hiyo, nadhani iliharibu hadithi yake. Mimi hainisumbui. Wengi walilala kwenye nyumba za miti na udongo, mawe yalikuwa ya ibada na ya wenye nacho.

Jambo la pili: Husuni Kubwa haimo kwenye bei ya kawaida. Inabidi uombe na kuongeza. Ongeza. Ni jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya genge linalotazama bahari, lina bwawa la kuogea la pembe nane, na halikuwahi kumalizika. Nilizunguka bwawa lile nikiwaza namna walivyozipata pembe zikawa sawa. Wenzangu wakaniita mara tatu nirudi botini.

Wakimfunza yule kijana mambo ya ujenzi, hata na mzee mmoja anayejua kuchoma chokaa, nyota ya tano naitoa bila kinyongo. Ukienda, sema mapema kabisa kwamba unataka Husuni, ubebe maji na kofia. Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, wanaipangia siku yake, kwa kuwa boti inafuata maji kujaa na kupwa na unateremka penye mikoko. Uliza ratiba ya maji kabla ya kulipa, na vaa viatu usivyovionea uchungu vikilowa.