Makumbusho ya Unterlinden, Colmar: nyota tano

Mimi ni muuguzi wa vidonda, kwa hiyo altare ya Isenheim, seti ya mbao zilizochorwa za kuwekwa juu ya altare, niliitazama kwa jicho la wodini. Kristo wa mchoraji Grünewald, aliyechorwa kati ya 1512 na 1516, ana ngozi iliyochomwachomwa miiba na kuvimba, vidole vimekakamaa kwa maumivu. Watawa wa Mtakatifu Antoni, walioiagiza kazi hii, walikuwa wakiuguza watu waliooza viungo kwa sumu ya kuvu ya nafaka. Mgonjwa alipoinua macho alimwona Mungu mwenye mwili kama wake. Nilisimama pale hadi miguu ikauma.

Mbao hizo zilifunguka kama milango. Leo zimetenganishwa, nawe unazizunguka. Nyuma ya Msalaba unakutana na Ufufuko, ngozi safi, jua zima la manjano nyuma ya kichwa. Zungukeni, tafadhali! Wengi hupiga picha ya mbele tu na kuondoka.

Zimewekwa katika kanisa la Kigothi la watawa wa kike wa Dominiko, la karne ya 13, lenye madirisha marefu yaliyochongoka. Hapa ni Alsace, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani: mwaka 1917 altare ilipelekwa Munich, Ujerumani, ikarudi 1919.

Jengo jipya la sanaa za kisasa ni zuri, lakini mimi nililipita haraka. Tengeni muda wa kanisa la Wadominiko lililo jirani, mkamwone Bikira Maria wa mchoraji Schongauer wa 1473 kati ya mawaridi.